Ukitaka Kumhamishia Mtoto Ng'ambo, Malizana Kwanza na Babake

Hapa Mtwapa ndoa ya mwenyeji na mgeni wa kutoka Ulaya si habari ya kusimamisha matatu. Kuanzia darajani hadi Kikambala utampata Mjerumani aliyejenga, Mwingereza aliyepanga, Mmarekani mstaafu anayemjua muuza madafu kwa jina, na ukiifuata barabara hadi Malindi utawakuta Waitaliano waliokaa mpaka Kiswahili chao kimeingia lafudhi ya Kigiriama. Harusi hufungwa, ndugu wakala pilau, na mipango ya safari ikaanza. Lakini mabibi harusi wengi hawaingii katika ndoa hiyo peke yao. Wana mtoto, au watoto, waliozaa na mwanamume mwingine kabla mgeni hajatokea. Na mwanamume huyo yu hai. Anaendesha tuktuk Bamburi, au ni mwalimu Kaloleni, au ana kibanda cha simu Majengo, na shule zikifungwa mtoto huenda kukaa kwake.

Makala hii ni ya mama huyo, na ya mumewe mpya anayetaka kumdhamini mtoto wa kambo ili wote wahamie kwao. Wapo pia wanaume wa hapa waliooa wanawake wa Kizungu na wana watoto kwa mama mwingine. Yote nitakayosema yanawahusu vilevile, wabadilishe tu nafasi. Nimewasikia wengi wakiulizana ada ni ngapi, fomu ni ipi, na ni wakala gani "ana mtu ubalozini". Wachache mno huanza na swali ninaloliona mimi kuwa zito kuliko yote: babake mtoto amesema nini?

Tuanze na sheria ya nyumbani, kwa sababu ndiyo itakayosomwa na kila ubalozi kabla haujafungua kitabu chake. Zamani ilizoeleka kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni wa mama, na baba ni mtu wa kubembelezwa alete karo. Katiba ya Kenya ya 2010 ilifunga mjadala huo. Kifungu cha 53 kinasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na wajibu huo ni sawa kwa baba na mama, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imerudia jambo hilo hilo kwa kirefu. Kwa hiyo hata kama hamkuwahi kufunga ndoa, hata kama hamjawahi kukanyaga korti, wewe na yeye mnashiriki ulezi wa mtoto huyo tangu alipozaliwa. Malezi ya pamoja hayasubiri hakimu ayatangaze. Mama anayesema "mimi nalea peke yangu" huenda anasema kweli kuhusu unga na sare za shule, lakini kisheria kuna mtu wa pili, na mtu huyo ana sauti.

Jambo la pili ni cheti cha kuzaliwa. Vyeti vingi vya watoto waliozaliwa nje ya ndoa vina alama za X mahali pa jina la baba, kwa sababu sheria ya uandikishaji haikuruhusu jina hilo liandikwe bila ya baba mwenyewe kuomba pamoja na mama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Sasa wapo wanaoziona hizo X kama bahati, wakidhani hapo baba amefutika. Hakufutika. Jina lake liko kwenye fomu ya kujiunga na shule, kwenye kitabu cha kliniki, kwenye ujumbe wa M-Pesa wa kila mwisho wa mwezi, na mtoto mwenyewe akiulizwa ataitaja nyumba anayolala likizo. Afisa wa viza akiona X hizo na papo hapo akamsikia mtoto akimzungumzia baba, ataanza kuuliza maswali ambayo ungeyajibu mapema kwa karatasi moja.

Baya kuliko X ni ujanja wa kwenda kumwandikisha mume mpya kuwa ndiye baba mzazi. Nausema waziwazi kwa kuwa mawakala wa mtaani huuza huduma hiyo kana kwamba ni kupiga chapa. Ni kosa la jinai hapa Kenya, na huko mnakokwenda ni mwisho wa safari. Marekani humzuia moja kwa moja mtu aliyepatikana akisema uongo kuhusu jambo la msingi ili apate viza, na msamaha wake ni mgumu kuupata. Uingereza inaweza kukataa maombi ya mtu huyo kwa miaka 10. Na kipimo cha DNA, kinachoombwa ubalozi ukishuku, hakijui kufumba jicho. Baba wa kambo ana njia yake halali ya kumdhamini mtoto asiyekuwa wa damu yake. Hakuna haja ya kumgeuza kuwa mtu asiye.

Sasa hiyo njia halali. Hapa ndipo watu wanapopotezana, kwa maana kila nchi inauliza swali lake, na barua iliyomsaidia jirani yako inaweza kukuangusha wewe.

Ujerumani inazungumza waziwazi kuhusu wazazi wanaoshiriki ulezi. Kifungu cha 32 cha sheria yao ya ukaazi kinasema kwamba, kama wazazi wawili wana haki ya malezi kwa pamoja na mtoto anamfuata mmoja wao tu, anapaswa kupewa kibali ikiwa yule mwingine ametangaza kukubali mtoto akaishi Ujerumani, au kama kuna uamuzi wa chombo chenye mamlaka unaosema hivyo. Ni ama sahihi ya baba au amri ya korti. Kingine ambacho wengi hawakijui ni kwamba mtoto huyo hamfuati baba wa kambo, anamfuata mama. Kwa hiyo ombi la mtoto linasimama juu ya ombi la mama, pamoja na mtihani wake wa Kijerumani wa kiwango cha A1 anaoufanyia Taasisi ya Goethe, Nairobi, na kipato cha mume kitaangaliwa kama kinamtosha mtoto huyo pia. Usimwache nyuma ukisema utamchukua akimaliza shule. Akishatimiza miaka 16, na asiposafiri pamoja nawe, atatakiwa kukijua Kijerumani kwa kiwango cha C1, kiwango ambacho hata mume wako angelazimika kukaa sawasawa ili afaulu, au aonyeshe kwa njia nyingine kwamba ataweza kuzoea maisha ya huko. Mtoto wa miaka 10 haulizwi hayo.

Italia nayo, ambayo Malindi inaijua kuliko Roma inavyoijua Malindi, imeliandika jambo hili katika sheria yake ya uhamiaji ya 1998. Inawataja watoto wadogo wa mwenzi katika kuunganisha familia, kisha inaongeza sharti: mzazi wa pili, kama yupo, awe ametoa idhini. Familia za raia wa Italia hupitia kanuni nyingine, lakini ukimpeleka mtoto mdogo dirishani bila ya idhini ya babake, tegemea kurudishwa uilete.

Uingereza inakwenda upande mwingine kabisa, na hapa naomba usome polepole. Mtoto awe chini ya miaka 18. Ikiwa mzazi mmoja tu ndiye anayehamia huko, huyo anatakiwa aonyeshe kwamba ndiye aliyekuwa na anayeendelea kuwa na jukumu la malezi peke yake, au kwamba kwa kawaida mtoto huishi naye na si na mzazi wa pili, au kwamba kuna sababu nzito za kifamilia za kutomwacha mtoto nyuma. Mama wa Mtwapa aliyepewa na rafikiye nakala ya barua ya Kijerumani, ambamo baba anasema "nashiriki katika maamuzi yote ya mwanangu na ninaafiki aende", akiipeleka kwa Waingereza amejikata mguu mwenyewe. Barua ile ile iliyofungua mlango kwa Wajerumani inawaambia Waingereza kwamba jukumu si lako peke yako.

Je, udanganye? La. Useme ukweli wako kwa ukamilifu. Katika kesi maarufu ya mwaka 2006 inayojulikana kwa jina la TD (Yemen), mahakama yao ya uhamiaji ilieleza kwamba jukumu la peke yake halimaanishi kuwa hakuna mtu mwingine aliyewahi kumlisha mtoto. Linalotazamwa ni nani mwenye usukani wa maisha yake: nani anaamua shule, tiba, dini, mahali pa kulala. Mtoto anaweza kuwa analelewa na nyanya yake Rabai, na mama anafanya kazi hotelini Mtwapa, na bado usukani ukawa kwa mama, mradi yeye ndiye anayelipa karo, anayepigiwa simu na mwalimu, anayetia sahihi hospitalini. Kwa hiyo kusanya ushahidi wa usukani. Taarifa za M-Pesa za miaka miwili zinazoonyesha karo ikitoka kwako. Barua ya mwalimu mkuu inayosema anayehudhuria mikutano ya wazazi ni nani. Kitabu cha kliniki. Ripoti za shule zenye sahihi yako. Na ikiwa ukweli ni kwamba mtoto anakaa nusu kwako na nusu kwa babake, na mnaamua mambo pamoja, basi Uingereza itakuwa ngumu kwako. Afadhali umwone wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa huko kabla hujalipa ada isiyorudishwa. Usisahau kipato: tangu Aprili 2024 mdhamini anatakiwa kuwa na pauni 29,000 kwa mwaka, ijapokuwa sasa hakuna nyongeza kwa kila mtoto kama ilivyokuwa zamani.

Marekani ina jambo moja la kukesha nalo, nalo ni tarehe. Mtoto wa kambo anatambuliwa na sheria ya uhamiaji ya Marekani ikiwa ndoa iliyomfanya awe wa kambo ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Ikifungwa wiki moja baada ya siku yake ya kuzaliwa ya 18, mume huyo hana namna ya kumwombea kama mtoto, hata amlee kwa miaka 10. Mama ndiye atakayelazimika kumwombea mwenyewe baadaye, akishapata kibali cha ukaazi, na foleni hiyo ni ndefu. Kwa hiyo kama binti yako ana miaka 17 na mchumba wako anasema harusi isubiri msimu wa Krismasi, mwonyeshe cheti cha kuzaliwa.

Raia wa Marekani hujaza fomu ya I-130 kwa kila mtu peke yake. Mama ana yake, na kila mtoto ana yake. Wapo waliojaza moja ya mama wakidhani watoto wanaandamana nayo, wakaambiwa waanze upya. Anayedhaminiwa kama mchumba, kwa viza ya K-1, yeye huwabeba watoto wake wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21 kwa viza ya K-2, ila lazima wafuate ndani ya mwaka mmoja tangu mama apewe yake. Mdhamini hutia sahihi fomu ya I-864 akiahidi kuwatunza, na kipato chake kisiwe chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa kila mwaka. Mume akishapita hapo, baba mzazi hatajwi sana katika fomu zenyewe. Hilo huwafanya watu wajisahau. Baba atakutana nanyi kwenye pasipoti ya mtoto, maana afisa wa uhamiaji pale Uhuru na Kazi, Mombasa, huulizia idhini na vitambulisho vya wazazi. Atakutana nanyi tena miaka baadaye kwenye uraia. Kumdhamini mtoto wa kambo hakumpi uraia wa Marekani. Anaupata moja kwa moja, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2000, mama mwenyewe akishakuwa raia huku mtoto hajatimiza miaka 18, ana kibali cha ukaazi wa kudumu, na anaishi chini ya ulezi wa mama huyo, kisheria na kwa kuishi naye. Hapo ndipo watauliza ulezi uko kwa nani. Amri ya korti uliyoichukua Kilifi kabla ya kuondoka itakuwa na kazi siku hiyo.

Kanada inahesabu mtoto mpaka kabla hajafika miaka 22, na ina fomu maalumu, IMM 5604, ambayo mzazi asiyesafiri huijaza na kuiapia kwamba anakubali mtoto mdogo ahamie huko. Lakini jambo la Kanada linalonikosesha usingizi kwa niaba ya wenzangu ni lingine. Kila mtoto wako lazima atajwe katika ombi lako na apimwe afya, hata yule anayeishi na babake, hata yule ambaye huna mpango wa kumchukua sasa. Ukimwacha nje ya fomu, sheria inamtoa katika jamaa unaoweza kuwadhamini maisha yako yote. Wapo waliopata nafuu kupitia mpango maalumu ulioanza 2019, lakini usijenge nyumba juu ya huruma ya serikali ya watu.

Na hapa lazima tuseme lile ambalo Mtwapa nzima inalijua na haliandikwi. Wapo dada zetu ambao hawakumwambia mume mpya kwamba wana mtoto. Mtoto alitambulishwa kama mdogo wake, au kama mtoto wa dada aliyefariki. Mwanzo ilikuwa aibu, au hofu kwamba Mzungu atakimbia. Kisha ikaja fomu ya viza yenye swali "una watoto wangapi?", na jibu likawa "sina". Dada yangu, fomu hiyo inatunzwa. Siku utakayorudi kumwombea mtoto, miaka mitano baadaye, jambo la kwanza watakalofanya ni kuitoa ile ya zamani na kuziweka mbili pamoja. Mwambie mume leo. Mwanamume atakayekukimbia kwa sababu una mtoto wa miaka saba amekuepusha na mengi.

Turudi kwa baba mzazi, maana huyo ndiye kiini cha makala hii. Nenda ukazungumze naye kabla hujajaza chochote, na ikiwezekana usiende peke yako. Kwa wengi wetu mazungumzo ya namna hii huanza na wazee: mjomba, shangazi, mtu wa pande zote mbili anayeheshimika. Kwa familia za Kiislamu, hata mliachana kwa talaka mbele ya Kadhi na suala la hadhana, yaani ulezi wa mtoto, likazungumzwa, usidhani hiyo talaka yenyewe inatosha ubalozini. Tafuta maandishi yanayosema mtoto akae na nani.

Usimwendee kwa maneno ya "nakujulisha tu". Mwanamume wa kawaida akisikia mwanawe anapelekwa Ulaya na mwanamume mwingine huogopa vitu vitatu: kwamba hatamwona tena, kwamba jina lake litabadilishwa, na kwamba atachekwa kijiweni. Mjibu yote matatu kabla hajayauliza. Mtoto atampigia simu ya video siku gani, saa ngapi, kwa kuzingatia saa za huko. Atarudi likizo kila baada ya muda gani na nani atakata tiketi. Jina la baba litabaki pale lilipo. Ripoti ya shule atatumiwa naye. Mkikubaliana, yaandikwe, na msiishie kwenye karatasi ya chifu. Barua ya chifu inafaa kuthibitisha mtu anakaa wapi na nani anamlea mtoto, lakini chifu hana mamlaka ya kuamua ulezi. Mpelekee afisa wa watoto wa kaunti ndogo, kisha wakili ayawasilishe makubaliano hayo katika korti ya watoto ili yawe amri. Watu wa Mombasa wanaijua korti ya watoto ya Tononoka. Kilifi na Malindi nazo zina korti zao.

Na idhini yenyewe iandikwe na mtu anayejua inakokwenda. Nimeona barua zinazosema "namruhusu mwanangu asafiri na mamake". Hiyo ni barua ya kwenda matembezini. Barua ya kuhamia husema hivi, au karibu na hivi: "Mimi fulani, mwenye kitambulisho nambari fulani, baba mzazi wa mtoto fulani aliyezaliwa tarehe fulani, nakubali mwanangu ahamie Ujerumani, akaishi huko na mamake kwa makazi ya muda mrefu, asome huko, na apewe pasipoti na viza kwa ajili hiyo. Nimeelezwa maana ya idhini hii na sikulazimishwa na mtu." Ataitia sahihi mbele ya kamishna wa viapo, na nakala ya kitambulisho chake iambatishwe. Iandikwe kwa Kiingereza, na itafsiriwe na mtafsiri anayekubaliwa na ubalozi ikihitajika. Weka nambari ya simu ya baba inayopatikana, kwani ubalozi unaweza kumpigia, na itakuwa aibu ikiwa aliyepokea ni shemeji yako aliyefundishwa la kusema.

Vipi akidai pesa? Hili hutokea, na halina haja ya kupambwa. Akisikia neno "Mzungu" tu, mwanamume ambaye hajatuma hata mia kwa miaka minne anakumbuka kuwa yeye ni baba. Msimamo wangu ni huu: usinunue sahihi. Ukimlipa, ushahidi wa malipo uko kwenye simu yake na yako, na siku akikasirika ataenda kusema idhini ilinunuliwa, tena atakuwa anasema kweli. Atakayekubali elfu hamsini leo atarudi kutaka laki tano mkishapewa miadi ya ubalozi. Ukiona mazungumzo yamegeuka mnada, funga mdomo na uende kortini.

Korti si kitu cha kuogopa katika jambo hili. Unaomba upewe ulezi wa kila siku na ruhusa ya kuhama na mtoto, na hakimu ataangalia maslahi ya mtoto kwanza, kama Katiba inavyoamuru. Ataagiza ripoti ya afisa wa watoto, ambaye atafika nyumbani, atauliza majirani, na atamsikiliza mtoto mwenyewe kulingana na umri wake. Baba ataitwa. Ikiwa ametoweka, hakuna haja ya kukata tamaa wala kumuua kwa karatasi, kwa maana wapo wanaojaribu kutafuta cheti cha kifo cha mtu aliye hai. Korti inaweza kukuruhusu umpelekee wito kwa tangazo la gazeti, na tangu kanuni za madai ziliporekebishwa mwaka 2020 wito unaweza pia kutumwa kwa barua pepe au kwa programu ya ujumbe wa simu kama WhatsApp. Akinyamaza baada ya hapo, kesi inaendelea bila yeye, na amri utakayopata ndiyo ule "uamuzi wa chombo chenye mamlaka" ambao Wajerumani wanautaja.

Sipendi kuwaacha akina baba wanaosoma haya wakidhani nimewageukia. Baba, una haki ya kukataa, na huenda una sababu. Uliza mume huyo ni nani, anaishi mji gani, mtoto atasoma shule gani. Usikubali kwa mdomo tu barazani. Lakini usimzuie mtoto kwa kumkomoa mamake, kwa sababu hakimu huitambua hila hiyo upesi.

Na wewe mama pia uliza. Pwani hii ina jeraha lake. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walitoa utafiti kuhusu utalii wa ngono na watoto katika Pwani, na tangu hapo mgeni anayejitokeza kumchukua mtoto wa hapa hutazamwa kwa jicho kali, na ni haki atazamwe. Afisa wa watoto akimwuliza mumeo maswali mengi, usione amemdharau. Hata Marekani ina sheria, ya mwaka huo huo wa 2006, inayomzuia raia wake aliyehukumiwa kwa makosa fulani dhidi ya watoto asimdhamini mtu wa familia, isipokuwa serikali ijiridhishe kwamba hana hatari. Muombe mumeo cheti cha polisi cha kwao. Aliye safi atakileta bila kununa.

Kuna wanaoshauri njia ya mkato: mume mpya amuasili mtoto. Sikubaliani nao. Kuasili hukata uhusiano wa kisheria wa mtoto na baba mzazi na ukoo wake, kwa hiyo idhini ya baba itatakiwa vilevile, na kwa uzito zaidi. Tangu Novemba 2014 serikali ilipositisha kuasiliwa kwa watoto wa Kenya na wageni, jambo lolote lenye jina hilo na Mzungu ndani yake limekuwa la kuchunguzwa mara mbili. Kumdhamini mtoto wa kambo hakuhitaji kuasili.

La mwisho ni mtoto. Mwenye miaka 12 ana rafiki, ana timu ya mpira, ana nyanya anayempikia anavyopenda. Mwulizeni akiwa na kila mzazi peke yake, na msimjibie.

Ukikwama, ofisi ya afisa wa watoto haitozi ada ya ushauri. FIDA Kenya na Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa na huwasaidia wasioweza kulipa wakili, na simu ya 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure kutoka mtandao wowote. Nenda huko kwanza, ukiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi na jina la babake mtoto mdomoni, kabla hujampa wakala yeyote shilingi yako.